Bei ya Kupendeza: Mazinde ya Semboja, Ushanga Uitwao Kivunja Mji, na Mkoba wa Bibi Harusi



Msimu wa harusi ukikaribia, hasa Mfunguo Mosi unapoandama, maswali yanayotujia ni yale yale. Foundation ya bei gani inatosha? Mpambaji achukue ngapi? Singo tununue au tuponde wenyewe? Na nyuma ya maswali hayo yote kuna lawama moja ambayo hakuna mwanamke wa visiwani asiyewahi kuisikia, ama kwa baba, ama kwa kaka, ama kwa bwana harusi mwenyewe: kwamba wanawake na mapambo yao ndio wanaofilisi nyumba.

Lawama hiyo ni ya zamani kuliko lipstiki. Leo hatuandiki orodha ya vitu vya bei nafuu. Tunataka kurudi nyuma miaka mia na sitini na kitu, tufuate mapambo kutoka bandarini Unguja mpaka mahali ambapo wengi wetu tunapita usiku ndani ya basi la Arusha bila kufungua macho: Mazinde, wilaya ya Korogwe. Tukifika huko tutaona nani hasa aliyekuwa akilipa gharama ya kupendeza, na kwa nini wanawake waliopita kabla yetu walikuwa makini sana na kila kitu walichojipaka.

Tuanze na ushanga.

Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alikuwa hapa Unguja akijiandaa kuingia bara. Mwezi wa Februari mwaka huohuo alikuwa amepanda milima ya Usambara hadi Vuga, akaonana na Kimweri ye Nyumbai, mtawala mkubwa wa Wasambaa. Baadaye alipochapisha kitabu cha safari yake mwaka 1860, aliandika kwa kirefu habari za shanga, maana bila shanga msafara haukuweza kununua hata muhogo njiani. Zilikuwa za aina nyingi mno, nyingi zikitoka Venice kule Italia, na kila nchi ilikuwa na fasheni yake. Mfanyabiashara aliyebeba rangi ambayo wanawake wa mahali fulani wameshaichoka alikuwa amebeba mchanga. Na fasheni ilibadilika, kama inavyobadilika leo rangi ya kucha.

Ushanga uliokuwa juu ya zote ulikuwa mwekundu, samesame. Burton anasema ulikuwa na majina mawili ya utani. La kwanza ni kimara pamba, na hapa pamba si ile ya kusukia uzi. Ni pamba ya Kiswahili cha zamani, chakula cha safari. Yaani ushanga unaomaliza chakula, kwa sababu mtu yuko tayari kutoa mlo wake aupate. Jina la pili ndilo lililotushika: kivunja mji. Uliitwa hivyo, anaeleza, kwa kuwa wanawake walikuwa tayari kujiangamiza wenyewe na waume zao kwa ajili yake.

Mnaona? Mwaka 1857 lawama ilikuwa ishapata na jina la biashara. Waliotoa jina hilo walikuwa wanaume wa misafara, yaani wauzaji wenyewe. Aliyeleta ushanga kutoka bandarini, akaupangia bei na kurudi na faida, ndiye huyo aliyesema mwanamke anavunja mji. Tuliweke hilo pembeni, tupande sasa kwenda Mazinde.

Wengi mkisikia jina hili mnawaza shule ya wasichana ya Mazinde Juu, kule Lushoto mlimani. Tunayoisema sisi iko chini yake, uwandani, kwenye barabara ya Tanga kwenda Moshi ukishaipita Mombo. Upande mmoja milima ya Usambara imesimama kama ukuta, upande mwingine ni nyika ya joto na vumbi inayoelekea mto Pangani, na ng'ambo ya mto huo, upande wa Handeni, ni Uzigua. Ni mahali pa kupita. Na katika karne ya 19 waliopita hapo walikuwa watu wa misafara kutoka Pangani kwenda Upare, Kilimanjaro na Umasaini. Kwenda walibeba nguo, nyaya za shaba na chuma, shanga, bunduki na baruti. Kurudi walirudi na pembe za ndovu na watu.

Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka Vuga, mlimani, mbali na njia ya misafara. Utawala wake ulisimama juu ya mvua, mazao na kodi. Alipofariki mwaka 1862, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Lakini mwanawe mmoja, Semboja, alikuwa ameketi Mazinde, mguuni mwa mlima, pale njia inapopita. Semboja alifahamu mapema kwamba nguvu sasa haitoki Vuga. Inatoka kwa yule anayepokea misafara, anayepata bunduki kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1860 akampindua mpwa wake, akamweka Vuga mtoto wake mdogo kwa jina la mtawala, naye mwenyewe akabaki Mazinde. Mji mkuu wa Wakilindi ulishuka mlimani ukafuata biashara.

Habari hizi tunazo kwa Kiswahili, na hilo ni jambo la kujivunia. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyeishi Usambara akawa karibu na Semboja, aliandika *Habari za Wakilindi*, kitabu kilichoanza kupigwa chapa katika miaka ya 1890. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya historia kuandikwa kwa nathari ya lugha yetu, na Mazinde imo ndani yake ikiwa hai, na hila zake na ugomvi wake.

Semboja alifuata mavazi na desturi za pwani. Nguo nzuri zilifika kwake. Lakini nguo hizo, na baruti iliyokuja pamoja nazo, zililipwa kwa nini? Pembe hazikutosha. Vita vya Wakilindi wao kwa wao, na uasi wa Wabondei dhidi yao ulioitwa Kiva, viliendelea kwa miaka mingi, na kila vita vilitoa mateka. Hata pasipokuwa na vita, mkubwa mwenye deni la nguo aliweza kumtia mtu hatiani kwa kosa dogo, akachukua na jamaa zake, wakashushwa Pangani. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto, kwa sababu hao ndio rahisi kukamata, na ndio waliokuwa wakiuzika vizuri.

Basi huyo ndiye kivunja mji wa kweli. Miji ya Usambara na Ubondei ilivunjika kweli katika miaka ile, watu wakakimbilia misituni na kwenye vilele vya milima, na sababu haikuwa mke wa mtu aliyetaka uzi wa samesame shingoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiuzwa.

Na waliuzwa wapi? Hapa ndipo habari inaporudi nyumbani kwetu. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba, ambako hakikupiga kwa ukali ule, ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia kuwavusha baharini. Soko la wazi likafungwa. Majahazi ya usiku hayakufungwa. Kutoka Pangani kwenda Pemba ni safari fupi ukipata upepo. Wasambaa, Wabondei na Wazigua walikuwa miongoni mwa waliovushwa, wakaingizwa mikarafuuni na majikoni. Katika nasaba za watu wa Unguja na Pemba kuna bibi wengi ambao kabila lao husemwa kwa sauti ya chini. Sisi tunaona hakuna haja ya kunong'ona.

Pembe nazo ziliendelea na safari zao. Nyingi zilipelekwa Marekani, kwenye viwanda vya Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut, zikakatwa kuwa vitana vya wanawake na vibao vyeupe vya piano. Na kitu kikubwa kilicholetwa kulipia pembe hizo kilikuwa kitambaa cha kiwanda cha kule kule Marekani, kilichopata jina la merikani ambalo bado tunalitumia. Bibi wa Kimarekani alichana nywele zake kwa pembe iliyopita mbele ya nyumba ya Semboja. Sidhani kama kuna mtu aliyemwita kivunja mji.

Sasa tutazame mwanamke wa visiwani alivyojipamba katika zama hizo, maana hapo ndipo penye somo la mkoba wetu.

Juu kabisa walikuwa wanawake wa majumba makubwa. Binti Sultani Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na ndani yake ameeleza marashi, udi, hariri na vito vya jumba la baba yake hata msomaji anakaribia kuvinusa. Chini kabisa alikuwa kijakazi, amevaa kaniki au merikani iliyofungwa chini ya makwapa, kichwa wazi, miguu mitupu. Kujifunika kichwa ilikuwa heshima ya waungwana. Kwa hiyo nguo haikuwa urembo tu. Ilikuwa ni cheti. Anayekuona njiani alijua wewe ni wa nani.

Baina ya hao wawili kulikuwa na wanawake wengi wasio na hariri wala vito, na hao ndio tunaowaita walimu wetu. Chukueni mfano wa majasi. Mwenye uwezo alitia masikioni majasi ya fedha au ya dhahabu. Asiye na uwezo alichukua karatasi za rangi, akazikata utepe, akazikunja duara mpaka zikawa nene, akazitia katika tundu za sikio. Picha za kale za wanawake wa Unguja na Lamu zinaonesha majasi hayo ya karatasi, nyekundu na njano na kijani ukiyaona yaliyohifadhiwa, na wallahi hayaonekani kuwa ni umaskini. Yanaonekana ni fasheni. Karatasi ikichakaa unakunja nyingine.

Na usoni na mwilini, karibu kila kitu kilitoka uani. Mafuta ya nazi yalikamuliwa tui likachemshwa mpaka likatengana. Mafuta ya mbarika yalitumika pwani na bara pia. Hina ilichumwa, ikakaushwa, ikatwangwa, ikachungwa. Liwa ilisagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo. Asmini ilitungwa jioni, kikuba kikafungwa kwa rehani na mkadi. Na singo, ambayo hadi leo kila nyumba inaapa kuwa yake ndiyo ya asili: mawaridi, asmini, mlangilangi, kilua, mpompia, rehani, liwa, karafuu, vyote vikapondwa vikarowekwa marashi, kisha bibi harusi akasingwa mwili mzima siku anazokaa ndani.

Kuna jambo husahaulika tunaposifu haya. Singo haikuwa bure. Ilikuwa na gharama ya mikono: kuchuma maua kabla jua halijayala, kuponda, kusinga, kukaa na mwari siku nyingi. Kilichokuwa hakuna ni muuzaji wa kati. Somo alijua kila kilichomo katika bakuli kwa sababu alikitia yeye. Shangazi na majirani walileta maua, na wao zamu yao ikifika waliletewa. Hakuna msafara uliowapangia bei. Ukilinganisha na samesame ya Venice, ambayo mwanamke wa bara hakujua inatengenezwa wapi, kwa kiasi gani, wala kwa nini mwaka huu bei imepanda, utaona kwamba hoja ya bibi zetu haikuwa ubahili. Walikuwa hawapendi kutegemea asiyejulikana.

Tarehe 6 Aprili 1897 sheria ya Unguja iliacha kuutambua utumwa. Masuria hawakuingizwa, wao walingoja hadi mwaka 1909. Na walipopata uhuru, wanawake wale walifanya nini na senti zao za mwanzo? Walinunua nguo.

Zipo kanga za mwanzo zilizoitwa kanga za mera: merikani ile ile ya kitumwa, ikapigwa chapa za mapambo kwa mkono hapa hapa. Hebu fikirini akili iliyomo humo. Kitambaa cha bei rahisi kabisa, kilichokuwa alama ya udhalili, kikatiwa maua kikawa ni nguo ya kwendea ngomani. Baadaye kanga za viwandani zikaenea, nao wakajifunika vichwa, na baada ya muda buibui likaja likawafunika wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo kwa rangi moja. Wapo waliosema wakati ule kwamba wanawake wa shamba wamepagawa na manunuzi. Sisi hatuwezi kuita israfu senti ya mtu anayenunua kwa mara ya kwanza haki ya kujistiri.

Aya ya 31 ya Suratul Aaraf imeweka mambo mawili pamoja: imetuamrisha kuchukua pambo letu tunapokwenda kusali, na papo hapo imekataza kupita kiasi. Watu hupenda kushika nusu moja. Wanawake wale wa 1897 walishika zote mbili. Kisutu, kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni miongoni mwa mitindo ya zama hizo, na hadi leo harusi ya Kiunguja haijakamilika bila ya kisutu. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika begi la bibi harusi, na ndicho kisichoweza kukosekana.

Na kama mnataka mtu mmoja wa kumfikiria, mfikirini Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, mwishoni mwa zama hizo tulizozisimulia. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, ndiyo, Mzigua, wa nchi hiyo hiyo iliyotazamana na Mazinde. Alianza kwa kufinyanga na kuuza vyungu. Alipoingia mjini akawa mwimbaji wa kutajika, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurikodi santuri, watu walimsema kwa asili yake na kwa sura yake, maana uso wake ulikuwa na alama. Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake anaeleza jinsi alivyowajibu kwa wimbo na kuendelea na kazi. Alivaa buibui, akaimba, na watawala wakaja kumsikiliza. Hakuwa na singo ya kuziba masikio ya watu, wala hakuihitaji.

Turudi Mazinde. Semboja alifariki mwaka 1895, Wajerumani wakiwa wameshaichukua nchi. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1893, Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, michache tu ikafika hai, na kutokana na hiyo uwanda wote wa Tanga na Korogwe ukageuka mashamba. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikapita Mazinde kwenda Moshi. Njia ni ile ile ya misafara. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna chuma chini yake. Mazinde ikawa shamba la mkonge.

Waliokata mkonge waliitwa manamba, wakaja kutoka mbali, Kigoma, Songea, Rwanda na Burundi, wakalipwa kwa kipande cha siku 30 za kazi. Kipande kikijaa ndipo mshahara unapatikana. Katikati ya mwezi kuna duka la mkopo. Sabuni ya kunukia, poda, mafuta ya nywele na doti ya kanga viliandikwa daftarini, na mwisho wa kipande mwenye duka alikuwa wa kwanza kulipwa. Ni bei ya msafara tena, safari hii kwa kalamu.

Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na bei ya mkonge duniani ikawa inaanguka mbele ya nyuzi za plastiki. Kisha ikaja miaka ambayo mama zetu hawajaisahau, mwishoni mwa miaka ya sabini na mwanzo wa themanini, baada ya vita vya Kagera. Sabuni ilikuwa ya foleni. Kanga ilikuwa ya foleni. Mama mmoja wa rika hilo ukimuuliza atakwambia walivyofulia majani ya mpapai na kuchemsha sabuni ya magadi uani. Na ukimuuliza alipendezaje siku ya harusi yake, atacheka akwambie alipendeza sana, kwa hina, asmini, wanja na kanga ya kuazima. Kuazimana ndiko kulikowavusha. Seti moja ya dhahabu ilioza wari saba.

Mwaka 1984 milango ya bidhaa za nje ikaanza kufunguliwa, na kuanzia 1985, chini ya Mzee Mwinyi, mtu wa kwetu visiwani, ikawa ruksa. Maduka yakajaa. Na pamoja na mafuta mazuri ya watoto na shampuu, vikaingia vikopo vingine.

Hapa tunasema wazi, kwa sababu ndipo pesa na afya vinapopotea pamoja. Mkorogo, kama jina lake linavyosema, ni kukoroga krimu moja na nyingine mpaka ngozi ibabuke ipate weupe. Nyingi ya krimu hizo zilikuwa na zebaki au haidrokwinoni. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo, na mama mjamzito hawezi kumkinga aliye tumboni. Mamlaka ya Chakula na Dawa iliyoundwa kwa sheria ya 2003 ilizipiga marufuku huko bara, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango. Kwetu Zanzibar jukumu hilo ni la Wakala wa Chakula na Dawa. Krimu hizo bado zinauzwa chini ya meza. Dada anayezitumia hajaokoa hata shilingi, maana akiacha ngozi inazidi kuwa nyeusi na mabaka, kwa hiyo hawezi kuacha. Ni deni la daftari lile lile, mwenye duka wa kwanza kulipwa.

Na tuwe waadilifu: si kila cha kienyeji ni salama. Wanja wa jiwe mara nyingi huwa na madini ya risasi, na haufai kabisa kumpaka mtoto mchanga. Piko jeusi linalokolea haraka hutiwa dawa ya kupakia nywele rangi, na tumeona mikono ya mabibi harusi iliyoungua mpaka ikatoka malengelenge usiku wa kuamkia nikaha. Hina nyekundu isiyotiwa kitu, hiyo tunaijua karne na karne. Somo wa zamani alikuwa na ujuzi wa alichokitia bakulini. Hicho ndicho cha kumuuliza mpambaji wako leo, kabla hujamuuliza bei. Akisita, ondoka.

Tukizungumza bei sasa. Katika hesabu za harusi tunazopewa na wasomaji wetu, vipodozi vyenyewe si mzigo mkubwa. Mzigo ni wingi wa siku, kila siku na mpambaji wake, na sare. Sare nayo ina historia yake: vikundi vya lelemama vya pwani, kama Ibinaal Watan na Banu Saada kule Mombasa, vilishindana kwa mavazi na karamu mpaka wanawake wakaingia madeni. Wakati huohuo vikundi hivyo hivyo vilizikana, vikauguzana, na vikamchangia bibi harusi asiye na kitu. Mkono ni mmoja. Shoga anayekutaka ununue sare ya tatu mwaka huu ndiye anayeweza kukuazima mkufu, kama ukimwomba hilo badala ya lile.

Sisi tungeanza hivi. Siku moja ya mpambaji, ile ya watu wengi, na siku nyingine upakwe na dada yako. Paleti moja ya macho kwa watu watatu, lakini wanja na maskara kila mtu na yake, maana maradhi ya macho huambukizana kwa brashi. Mafuta ya nazi ya kutolea vipodozi usiku, badala ya chupa ya kigeni ya kazi hiyo hiyo. Singo ya kuponda wenyewe, wanawake wanne au watano, siku tatu kabla. Ukiongeza na hina ya kutwanga, kisutu na udi, umeshapata nusu ya harusi kwa pesa ya chupa moja ya foundation ya dukani.

Na singo hiyo, kama hamjui, siku hizi imo katika orodha za spa za mahoteli ya ufukweni kwetu, inauzwa kwa dola kwa wageni waliokuja kupumzika. Wanaosinga ni mabinti wa Nungwi, Jambiani na Kiwengwa, waliojifunza kwa bibi zao. Maua yananunuliwa kwa akina mama wa shamba kwa kikapu. Mmoja wao alituambia alikuwa hajui kikapu chake kinakwenda wapi mpaka mjukuu wake alipoajiriwa huko. Msimu uliofuata alipandisha bei.